Jinsi ya kupata eneo la trapeza bila kulipia mita ambazo hazipo

Mwaka juzi mama yangu aliamua ua wa nyuma ya nyumba yake kule Ruai utandikwe mawe ya kabro. Udongo wa upande huo wa Nairobi ni ule mweusi wa pamba. Jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na mvua ya masika ikianza unakuwa ulimbo unaovua watu viatu. Fundi akaja na tepu yake. Akapima ukuta wa nyumba, akapata mita 8. Akapima ukuta wa nyuma, mita 12. Kisha akapima ukuta unaopakana na kichochoro, kuanzia kona ya nyumba hadi kona ya nyuma, akapata mita 7.2. Akabonyeza simu, akatuonyesha kioo: "Mama, ni mita sabini na mbili za mraba."

Bei ilikuwa shilingi 1,200 kwa kila mita ya mraba, mawe na kazi pamoja. Mama akalipa 86,400. Kazi ilikuwa safi, lakini ilipoisha palibaki rundo la mawe mazima kando ya tangi la maji, mengi mno kuwa mabaki ya kawaida. Jioni moja nikachukua tepu na mtoto wa kaka yangu, tukapima upya. Ua ule ni mita za mraba 60. Mama alikuwa amelipia mita 12 ambazo hazipo, yaani shilingi 14,400.

Sidhani fundi yule alikusudia kutuibia. Kanuni aliijua na vipimo vya kuta zile mbili aliviandika sawasawa. Alikosea kitu kimoja: alipima ukuta uliokwenda mshazari akauita kimo. Kosa hilo ndilo linalowaangusha wanafunzi kwenye mtihani, na ndilo linalowala wazazi wetu pesa kwenye mjengo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya kimo. Hayo mengine ni mepesi.

Umbo lenyewe

Trapeza ni umbo la pande nne ambalo pande zake mbili ziko sambamba, yaani ukizirefusha upendavyo hazitakutana kamwe. Pande mbili zilizobaki zinaweza kwenda zinavyotaka: zote mshazari, au mmoja wima (yaani ukikutana na zile sambamba kwa nyuzi 90) na mwingine mshazari kama ua wa mama.

Watoto wetu shuleni wanaiita trapeziamu, jina tulilolirithi kutoka Uingereza. Marekani umbo hilohilo huitwa trapezoidi, na huko trapeziamu ni umbo la pande nne lisilo na pande sambamba hata kidogo. Mtoto akitafuta msaada kwenye intaneti akaona maelezo yanapingana, mara nyingi sababu ni hiyo. Mimi nitasema trapeza. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya meza, na ukitazama meza kutoka mbele, ukingo wa karibu mrefu na wa mbali mfupi, utaona umbo lilikopata jina.

Ukishajua kuitafuta utaiona kila mahali jijini: ubavu wa wilbaro, uso wa paa linaloteremka pande nne, mtaro wa maji kando ya barabara ukiutazama kwa kuukata, ploti ya kona iliyopunguzwa na barabara, kipande cha kitambaa cha sketi pana chini nyembamba kiunoni.

Hatua ya kwanza: tafuta pande mbili zilizo sambamba

Usikimbilie kanuni kabla ya hapa. Kwenye daftari pande sambamba huwekewa alama ndogo za mshale, basi ni rahisi. Kwenye kiwanja hakuna mishale, na jicho hudanganya.

Njia ya kuhakikisha ni kupima umbali kati ya pande hizo mbili mahali pawili tofauti, kila mara tepu ikienda wima kutoka upande mmoja. Sisi tulipima karibu na ukuta wa kushoto tukapata mita 6, tukasogea hatua tano kulia tukapima tena, mita 6. Ukuta wa nyumba na ukuta wa nyuma basi ziko sambamba. Ukipata 6 mahali pamoja na 5.4 mahali pengine, huna trapeza. Nenda kasome sehemu iliyo karibu na mwisho, juu ya maumbo yasiyo na pande sambamba.

Pande hizo mbili zipe herufi *a* na *b*. Hakuna haja ya kubishana ipi iwe ipi, kwa sababu zitajumlishwa. Kwetu *a* ni 8 na *b* ni 12.

Hatua ya pili: pima kimo

Kimo ni umbali mfupi kuliko wote kati ya zile pande mbili sambamba. Hukutana na pande zote mbili kwa pembemraba, nyuzi 90. Kimo kinaweza kuwa ukuta uliopo, kama ukuta wa kushoto wa ua wa mama ambao umesimama wima kabisa. Mara nyingi, hata hivyo, hakuna ukuta wala mstari uliochorwa mahali pa kimo, na inabidi ukitafute mwenyewe katikati ya uwanja mtupu.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda kwa sababu haudai kifaa chochote zaidi ya tepu. Mtu mmoja ashike mwanzo wa tepu kwenye ukuta wa nyumba, mahali pamoja, asisogee. Wewe nenda ukuta wa nyuma, vuta tepu ikaze, kisha uitembeze polepole kushoto na kulia juu ya ukuta huo huku ukisoma namba. Namba zitapungua, zitafika chini kabisa, kisha zitaanza kupanda tena. Ile ya chini kabisa ndiyo kimo. Mpwa wangu alikuwa akiziita kwa sauti: "Sita na ishirini... sita na kumi... sita na mbili... sita kamili... Shangazi, imeanza kupanda!" Akarudi nyuma kidogo hadi sita kamili, tukaweka alama kwa chaki.

Njia ya pili ni ile mafundi wanayotumia kukatia kona: tatu, nne, tano. Kutoka kwenye kona unayoitaka, pima mita 3 kando ya ukuta uweke alama. Vuta uzi kuelekea ndani ya uwanja, uwekee alama kwenye mita 4. Sogeza uzi huo hadi umbali kati ya alama mbili uwe mita 5 kamili. Uzi sasa umesimama wima juu ya ukuta, na ukiurefusha hadi upande wa pili umepata kimo. Mahali padogo tumia sentimita 60, 80 na 100. Uwiano ni uleule.

Kuna trapeza zilizoegemea sana upande mmoja kiasi kwamba ukishusha kimo kutoka kona ya juu kinaangukia nje ya umbo. Usihangaike. Refusha upande wa chini kwa mstari wa nukta, pima kimo hadi hapo. Kimo kikiwa nje ni kimo vilevile, na eneo halibadiliki.

Na ukuta wa mshazari? Uandike kando. Utauhitaji ukitaka kujua mzingo, kwa mfano unaponunua waya wa ua. Kwenye eneo hauingii kabisa, isipokuwa umekikosa kimo na unataka kukihesabu, jambo nitakalolifikia kwenye paa.

Hatua ya tatu: kanuni

Eneo = ½ × (a + b) × kimo

Kwa maneno: jumlisha pande mbili sambamba, zidisha kwa kimo, gawanya kwa mbili. Kwa ua wa mama:

8 + 12 = 20
20 × 6 = 120
120 ÷ 2 = 60

Eneo ni mita za mraba 60.

Ukipenda, gawanya kwa mbili mapema: nusu ya 20 ni 10, na 10 mara 6 ni 60. Mimi hupendelea hivi, kwa kuwa ile 10 ina maana yake. Ni upana wa wastani wa ua. Ua unaoanza na mita 8 na kuishia na mita 12 ni sawa, kwa eneo, na mstatili wenye upana wa mita 10 moja kwa moja. Ukisimama katikati kabisa ya kimo, mita 3 kutoka nyumbani, ukapima upana hapo, utapata mita 10.

Ukitumia simu, angalia programu ya kikokotoo. Ukiandika 8 + 12 × 6 ÷ 2 mfululizo, simu nyingi zitazidisha na kugawanya kwanza, zikupe 44. Weka mabano, (8 + 12) × 6 ÷ 2, au bonyeza alama ya sawa baada ya kujumlisha.

Kwa nini inakuwa nusu

Mpwa wangu aliuliza swali hili, na nilifurahi kuliko kama angepata jibu tu. Tulikata trapeza mbili zinazofanana kutoka kwenye jalada la daftari la zamani, juu sentimita 8, chini 12, kimo 6. Nikamwambia aigeuze moja kichwa chini miguu juu, aisogeze ubavuni mwa mwenzake. Mshazari ukagusana na mshazari, zikashikana kama viganja viwili. Umbo lililotoka ni msambamba, lile ambalo pande zinazokabiliana ziko sambamba: upande wake wa chini ni 12 ya trapeza ya kwanza ikifuatiwa na 8 ya ile iliyogeuzwa, jumla 20, na kimo ni 6 kama mwanzo. Eneo la msambamba ni kitako mara kimo, 120. Trapeza moja ni nusu yake. Nusu ya kanuni inatoka hapo, na mtoto aliyeishika mikononi mwake haisahau kwenye mtihani.

Unaweza pia kuchora ulalo kutoka kona hadi kona. Trapeza inagawanyika kuwa pembetatu mbili, moja yenye kitako cha 8 na nyingine yenye kitako cha 12, zote zina kimo cha 6. Moja ni 24, nyingine 36. Jumla 60.

Hatua ya nne: jaribu jibu kabla ya kutoa pesa

Hii ndiyo hatua ambayo ningeomba kila mtu aishike, hata asiyekumbuka kanuni. Chora kichwani mistatili miwili. Mdogo una upana wa upande mfupi: 8 × 6 = 48. Mkubwa una upana wa upande mrefu: 12 × 6 = 72. Eneo la trapeza halina budi kuwa kati ya hizo mbili, tena katikati kabisa. Jibu likianguka chini ya 48 au likifika 72, kuna kitu umekipima vibaya au umesahau kugawanya.

Tazama sasa hesabu ya fundi: 72. Kwa kimo cha kweli cha mita 6, hilo ni eneo la ua wenye mita 12 kila mahali, mbele na nyuma, wakati mtu yeyote aliyesimama pale mlangoni angeona jinsi ukuta wa kichochoro unavyobana kuja nyumbani. Tungepima tu ukuta wa kushoto, ule wa mita 6, hatungehitaji kujua kosa lilikuwa wapi. Tungejua tu kwamba 72 haiwezekani.

Futi na inchi

Jijini tunapima mbao kwa futi, kabro kwa mita na mashamba kwa ekari, mara nyingine kwenye kazi moja. Kabla ya kuzidisha chochote, vipimo vyote vitatu viwe vya aina moja. Futi moja ni mita 0.3048.

Hatari kubwa zaidi ni inchi. Futi 8 na inchi 6 mtu huziandika 8.6, kwa kuwa ndivyo zinavyotamkwa. Lakini futi ina inchi 12, na inchi 6 ni nusu yake, kwa hiyo ni 8.5. Futi 8 na inchi 3 ni 8.25. Futi 8 na inchi 9 ni 8.75. Gawanya inchi kwa 12 ndipo uongeze kwenye futi. Au geuza kila kitu kiwe inchi, fanya hesabu, kisha gawanya eneo kwa 144, si kwa 12, kwa kuwa futi moja ya mraba ina inchi 12 kwenda mbele na 12 kwenda pembeni.

Chukua ploti. Mtu anakuambia ni "hamsini kwa mia" na bikoni (alama za mpaka) za mbele kweli ziko futi 50. Unafika nyuma unakuta futi 40, kwa sababu njia imekata ubavu. Kina kilichopimwa wima ni futi 100. Eneo ni ½ × (50 + 40) × 100, yaani futi za mraba 4,500, wakati hamsini kwa mia kamili ni 5,000. Futi za mraba 500 zimepotea, chumba kimoja kikubwa na ukumbi wake.

Hatimiliki huandika eneo kwa hekta. Futi za mraba 4,500 ni mita za mraba 418, au hekta 0.0418. Hamsini kwa mia ni mita za mraba 464.5, au hekta 0.0465. Na ingawa watu huiita hamsini kwa mia "nane ya ekari", ekari ina futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Kwa jambo la kununua ardhi, hesabu yako ni ya kukufungua macho tu. Mpimaji mwenye leseni na ramani ya usajili ndio wa kuamua.

Paa: pale mshazari unapokusaidia

Nyumba ya mita 12 kwa 6, paa linateremka pande zote nne. Nyuso mbili ndefu ni trapeza: chini upenuni mita 12, juu kwenye mgongo wa paa mita 6. Nyuso mbili za ncha ni pembetatu zenye kitako cha mita 6.

Kimo cha trapeza ya paa ni kipi? Watu wengi hutaja urefu kutoka dari hadi mgongo wa paa. Hapana. Bati limelala juu ya mteremko, kwa hiyo kimo chake hupimwa juu ya mteremko huohuo, kutoka upenuni kupanda moja kwa moja hadi mgongoni. Ni urefu wa mbao inayobeba bati, ile inayopanda wima kutoka upenuni.

Tuseme huwezi kupanda katikati ya paa, ila umepima ukingo wa kona, ule unaopanda mshazari kutoka kona ya nyumba hadi ncha ya mgongo, ukapata mita 5. Uso huu una mishazari miwili iliyo sawa, basi fanya hivi. Toa upande mfupi kwenye mrefu: 12 − 6 = 6. Gawanya kwa mbili: 3. Hizo ni mita 3 zinazozidi kila ncha. Sasa una pembetatu yenye pembemraba, mshazari wake ni 5, kitako ni 3, na kwa kanuni ya Pythagoras kimo ni kipeuo cha pili cha 25 − 9, yaani kipeuo cha pili cha 16 (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 16), mita 4.

Eneo la uso mmoja ni ½ × (12 + 6) × 4 = 36. Nyuso mbili, 72. Kila pembetatu ya ncha ni ½ × 6 × 4 = 12, mbili ni 24. Paa zima ni mita za mraba 96. Sakafu ya nyumba hiyohiyo ni 72 tu, kwa hiyo anayekisia mabati kwa kuangalia sakafu atarudi dukani katikati ya kazi. Na 96 ni eneo la paa lenyewe. Mabati hupishana pembeni na juu, na yanayokatwa mshazari kwenye kona huacha vipande, hivyo utanunua zaidi ya hapo.

Njia hii ya kugawanya ziada kwa mbili ni halali pale tu mishazari miwili inapolingana. Ua wa mama una mshazari mmoja, ziada yote ya mita 4 iko upande wa kichochoro. Kimo pale ni kipeuo cha pili cha 7.2 × 7.2 kutoa 4 × 4: 51.84 − 16 = 35.84, kipeuo chake kama 5.99. Mita 6. Yaani ile 7.2 ya fundi ilikuwa na jibu ndani yake.

Mtaro

Hapa ni kwa ufupi. Mtaro wenye kuta za kuinama ni trapeza ukiutazama kwa kuukata. Juu mita 1.2, chini 0.6, kina 0.5: ½ × 1.8 × 0.5 = mita za mraba 0.45. Zidisha kwa urefu wa mtaro, tuseme mita 30, upate mita za ujazo 13.5 za udongo wa kuchimba. Ukiagiza lori kumbuka udongo ukishachimbwa hufumuka na kuchukua nafasi kubwa kuliko ulipokuwa umelala ardhini.

Swali linapokuja kinyumenyume

Watunga mitihani hupenda kukupa eneo na kukuficha upande mmoja. "Trapeza ina eneo la sentimita za mraba 84, kimo sentimita 7, upande mmoja sambamba sentimita 9. Tafuta wa pili." Rudi nyuma ulikotoka. Zidisha eneo kwa mbili: 168. Gawanya kwa kimo: 24. Hiyo ni jumla ya pande mbili. Toa 9, unabaki na 15. Jaribu: wastani wa 9 na 15 ni 12, mara 7 ni 84.

Kama hakuna pande sambamba

Usilazimishe. Vuta uzi wa ulalo kutoka kona hadi kona ya mkabala, upate pembetatu mbili. Kwa kila moja pima kimo kutoka kwenye uzi hadi kona iliyobaki. Ulalo ukiwa mita 10, kimo kimoja 4 na kingine 5, maeneo ni 20 na 25, jumla mita za mraba 45.

Jihadhari na njia ya mkato inayopendwa na wauzaji: chukua wastani wa mbele na nyuma, uzidishe kwa wastani wa mbavu mbili. Ni ya zamani sana. Maandishi ya hekalu la Edfu kule Misri yanahesabu mashamba hivyohivyo. Lakini hutoa jibu sahihi kwa mstatili peke yake. Kwingine kote hutoa eneo kubwa kuliko la kweli, kila mara, na ziada hiyo ni faida ya anayeuza. Kwa ua wa mama ingetoa 10 × 6.6, mita 66.

Kugeuza eneo kuwa mawe

Jiwe la kabro la sentimita 20 kwa 10 huchukua sentimita za mraba 200. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, kwa hiyo ni mawe 50. Ua wa mita 60 unahitaji mawe 3,000. Kando ya ukuta wa mshazari kila jiwe la mwisho hukatwa na kipande hutupwa, basi mimi huongeza tano kwa mia, mawe 150. Jumla 3,150.

Kwa mama yaliletwa 3,600, hesabu ya mita 72. Yalitumika 3,090. Yale 510 yaliyokuwa yamerundikwa kando ya tangi tuliyatafutia kazi Agosti iliyofuata: njia fupi kutoka getini hadi mlango wa mbele, ambayo mama alitaka ianze pana getini na kupungua mlangoni. Mpwa wangu alipima peke yake safari hii. Getini mita 5, mlangoni 3, kimo mita 2. Akaandika kwa chaki ukutani, ½ × 8 × 2, akapata 8, na bila kuambiwa akaandika chini yake 6 na 10 ili kuona kama 8 imekaa katikati. Mawe 400, na 20 ya kukatia. Yamebaki 90, mama ameyahifadhi stoo kwa siku ambayo moja litavunjika.